Mpira wa Filta ya Zamani

Nyuma ya nyumba yao pale Mikumi, Donati alikuwa amelala chini ya pikapu ya marehemu baba yake, miguu tu inaonekana. Wiki tatu alikuwa ameifumua injini yote na kuifunga upya. Ilibaki filta ya oili.

Mama yake, Scholastica, alishavaa kanga za safari tangu alfajiri. Dada wa Scholastica, Hildegarda, alikuwa anaondoka Kilosa siku hiyo kwa treni ya saa tisa kwenda Dar kupasuliwa. Miaka miwili hawakusemeshana kwa ajili ya shamba la Mamboya, na maneno ya kuombana radhi, kwa Scholastica, hayakuwa ya kwenye simu.

Ndipo akaingia wifi yake, Odilia.

"Donati! Toka umwamkie shangazi yako."

"Mama, nipe dakika tano. Napapasa hapa filta inapokaa."

"Utapapasa baadaye! Mtu mzima kasimama juani, wewe umelala kama mjusi!"

"Mwache, wifi," Odilia alicheka. "Huyo kaoa injini, mahari katoa jasho."

"Hapana. Kesho watasema sikumfunza."

Donati akatoka, akafuta mikono. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Enhe, unaoa lini?"

Odilia aliuliza ya ndoa, ya mahindi, ya kanisani. Donati aliporudi chini ya gari, mama alishaanza kumhimiza: saa nne hiyo, tutachelewa! Akachukua filta mpya, akaikaza, wakaondoka. Injini iliunguruma vizuri, hata tone halikudondoka.

Walipopita kijiji cha Ulaya, kwenye kimlima, taa nyekundu ya oili ikawaka. Donati akazima papo hapo. Nyuma yao barabara ilikuwa na mstari mweusi, na chini ya injini oili ilitiririka kama maji ya paa.

"Wiki tatu ulikuwa unafunga nini?" mama alifoka.

"Sijui, mama. Upepo umeitapanya oili kila mahali, sioni inakotoka. Kama ni sili ya nyuma ya injini, mpaka tushushe gia boksi. Leo hatufiki."

Alifuta injini yote kwa tambara. Kisha akautazama mfuko wa mama.

"Nipe unga wa mchele."

"Wa uji wa mgonjwa?"

"Viganja viwili tu."

Akaunyunyiza kwenye injini nzima ikawa nyeupe, akaiongeza injini oili kidogo iliyosalia kwenye dumu. "Washa, mama. Nikisema zima, zima."

Mama akawasha.

"Zima!"

Unga ulikuwa mweupe kote, isipokuwa kuzunguka filta. Pale ulishakuwa tope jeusi. Donati akafungua filta, akakuta mipira miwili: mpya wa filta yenyewe, na wa zamani umeng'ang'ania kwenye injini, mweusi kama chuma chenyewe.

"Ikikaa miwili inashika kidogo tu. Presha ikipanda, mmoja unachomoka."

"Hukuuona?"

"Hauonekani, mama. Unapapaswa kwa kidole."

Hakusema ni nani alimwita kidole kikiwa pale pale. Scholastica alitamani aseme.

Oili nyingine ilibidi bodaboda aifuate Ulaya. Scholastica mwenyewe nyonga yake mbovu haikubali pikipiki, na magari mawili yaliyopita yalikuwa yamejaa. Alikaa kwenye jiwe, amepakata unga uliobaki. Walifika stesheni ya Kilosa saa tisa na robo. Askari wa getini aliwaonyesha reli tupu.

Wiki ya pili Hildegarda alirudi kwa barabara, ndani ya jeneza.

Siku hizi Donati anatengenezea magari uwanjani pale pale. Mgeni akija, Scholastica humpokea mwenyewe, humpa kiti kivulini na kumwambia, "Mwache amalize, atakuamkia." Wengine hununa. Wazazi wenzake wakimwuliza mbona amelegeza adabu, huwaambia heshima ya mtoto haipotei kwa dakika tano. Halafu huwasimulia habari ya treni ya saa tisa. Donati akiisikia kutoka chini ya gari, huacha kugonga mpaka mama amalize.