Mbelewele za Sabato

Joash Mirumbe alikuwa shemasi wa kanisa la Sabato, na katika upande wetu wote wa Migori ni yeye peke yake aliyepewa mkataba na kampuni ya mbegu mwaka ule wa tisini na nne. Ekari mbili za mahindi ya mbegu, mistari minne ya majike kwa miwili ya madume. Kazi kubwa ilikuwa moja: kung'oa mbelewele za majike zinapochomoza tu kileleni, kabla hazijamwaga lile vumbi lao la njano. Ukiruka siku moja, jike linajizalisha lenyewe, na hiyo si mbegu tena, ni mahindi ya ugali. Bwana Ogeto, mkaguzi, alikuwa amesema waziwazi kwamba akikuta mbelewele zimefunguka atalikataa shamba, na kampuni haitarudi kwetu.

Mimi nilikuwa jirani yake na kibarua wake. Ni Mkatoliki, na Jumamosi kwangu ni siku ya kazi kama nyingine. Ijumaa nilimwambia kwamba kwa mvua ile iliyonyesha, kesho majike yatachomoza kama uyoga, na Ogeto anakuja Jumapili asubuhi. Alinijibu kwamba amri ya nne inamfunga hata mgeni aliye ndani ya malango yake, kwa hiyo nisikanyage. Mungu mwenyewe atazizuia mbelewele. Mtu mzima, bila haya.

Mkewe Susana alisikia yote. Shamba lile alililima yeye, akalipanda, akalipalilia, huku mume akizunguka na Biblia kwapani. Lakini kanisa nalo lilikuwa lake kuliko la Joash. Alikuwa amezika watoto wawili, na wanakwaya wenzake ndio waliokaa naye miezi yote ile asipoweza hata kuwasha moto. Wangemfuta ushirika kwa kuvunja Sabato, angebaki na nani? Na bado, asubuhi ile ya Sabato alisema ana homa, akangoja mume aondoke, akaingia shambani.

Nilimwona kupitia ua wangu tangu umande hadi saa kumi, mikono juu, aking'oa na kusokomeza mbelewele kwenye gunia. Aliponiona alisimama akanitazama. Nilijua ananiomba nisimseme, nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili Ogeto alipita mstari kwa mstari na hakupata hata moja. Akatia sahihi, akasema atarudi kukagua tena Jumapili ijayo. Watu walikuwa wamejaa, na Joash hakuweza kujizuia. Alipanda juu ya kichuguu akahubiri jinsi mkono wa Bwana ulivyozizuia mbelewele Sabato nzima, na jinsi wasioamini walivyoaibika, kwa mfano Mama Emmah, yule pale. Alininyooshea kidole mbele ya kijiji kizima. Hasira ikanipanda.

"Huyo Bwana alikuwa amevaa rinda ya Susana," nikasema.

Watu waliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, halafu nikamwona Susana. Ulimi hauna mfupa, na wangu nilitamani kuukata.

Jumamosi iliyofuata nilisimama dirishani mwa kanisa lao. Mchungaji Monari alimuuliza Joash kama ana neno la kumtetea mkewe. Joash alisema nyumba yake lazima iwe safi, na kura ilipoitishwa, mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka. Kisha ikainuka mikono ya wanakwaya. Susana akafutwa.

Nilimfuata hadi nyumbani. Tulikaa jikoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Ndipo Joash akaingia na koti lake la kanisani.

"Huko chini kwa mto mbelewele imetoka," alimwambia mkewe. "Wewe saa hii si mtu wa kanisa. Enda utoe kabla jua iingie."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Susana alijifunga leso kichwani, akachukua gunia na kutoka. Joash alivuta kiti mlangoni, akafungua Biblia, akaendelea na Sabato yake.