Wageni Waliolala Kifuani mwa Bupe

Hapa Kalenga hakuna mwanamke mwenye akili kunizidi. Nilisoma hadi darasa la saba. Haya, la nne, na hilo la nne nililirudia kwa sababu mwalimu alinipenda. Wala hakunipenda; alikuwa ananikomoa.

Akili hizo chache zinanitosha kumsoma mkwe wangu Faustina. Siku ile uso wake ulikunjamana kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa kwenye beseni. Alikuwa ameitisha kikao cha ukoo ili Bupe, mke wa mwanawe Crispin, arudishwe kwao Mbeya. Ukoo wenyewe ulikuwa watu wanne sebuleni, nami bibi yake Crispin nikiwemo, niliyeitwa ili nisije nikasema sikuitwa.

Kosa la Bupe lilikuwa kutaka mtoto. Mwaka wa pili wa ndoa alikwenda kliniki peke yake, maana Crispin alikataa kumsindikiza, akidai hayo ni mambo ya wanawake. Wakampima, wakamkuta na vimelea vya kifua kikuu vilivyolala. Daktari alimweleza vizuri: haumwi, hamwambukizi mtu, ameze dawa kila wiki kwa miezi mitatu, mimba isubiri hadi amalize, kisha azae apendavyo. Akarudi na pakiti yake, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Aliogopa dawa itamkausha uzazi.

Katika yote hayo, Faustina alisikia maneno mawili tu: kifua kikuu. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umezunguka nyumbani kwake kwa kikombe kimoja tangu aolewe. Bupe akatengewa kikombe chake, kile chenye ufa.

"Tumbo la mgonjwa halitabeba ukoo wetu," alisema Faustina.

Ukoo wetu! Watu wanne na mbuzi kilema.

Crispin akaitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa. Huyu alirudi kutoka machimbo ya Makongolosi bila dhahabu hata ya kuziba jino, akiwa na kikohozi alichokiita vumbi na vidonge alivyoviita vya vidonda vya tumbo. Kwa vidonda hivyo hata ulanzi aliuacha.

"Mama amesema kweli," akasema. "Mimi sijawahi kuugua kifua. Sijui mwenzangu aliutoa wapi."

Bupe alikuwa akitazama sakafu. "Nikifika nyumbani niwaambie nini? Kwamba nimefukuzwa na kitu kilicholala?"

Nikaona mkono wake umeshika tumbo, tumbo ambalo bado halikuwa na kitu, kama mtu anayezuia mlango.

Basi nikajikohoza. Kwetu bibi humwita mjukuu wake mume, na kwa utani huo huruhusiwa kusema mambo ambayo mama mzazi angeyazibia masikio.

"Mume wangu," nikamwambia Crispin, "tusimfukuze mke mwenzangu, dawa yenyewe itamfukuza. Naijua mimi. Ukimeza leo, kesho mkojo ni kijani kama maji ya mchicha. Watu hulilia chooni."

Sikuwa najua lolote. Niliyatunga pale pale. Bupe akanitazama kwa hofu, nami nikajitia kupangusa kamasi.

Crispin akacheka. Kijana huyu hajawahi kuliacha kosa la mwanamke wa darasa la nne lipite.

"Acha kumtisha, bibi. Sio kijani, ni rangi ya chungwa. Mwezi wa kwanza unashtuka, wa pili umeshazoea."

Kicheko chake kikaishia njiani. Kikombe cha Faustina kikasimama karibu na mdomo. Bupe akainua uso, mara ya kwanza tangu tukae.

"Niliambiwa na rafiki," akasema Crispin.

"Rafiki gani?" akauliza Bupe.

Crispin akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa akikitazama kikombe. Bupe akakichukua kile chenye ufa, akakisogeza taratibu mezani mpaka kikafika mbele ya mumewe.

"Rafiki gani, Crispin?"