Foronya Kumi na Moja

Kabla hajaonekana, alikuwa amekwisha sikika. "Ehem! Ehem-hem!" Hapo mtaa mzima ulijua fundi wa magodoro ameamka, na wazembe wa kuchelewa kazini wakaanza kutafuta kiatu cha pili. Saa ya ukutani huishiwa betri. Koo la yule mama halikuwahi kuishiwa. Ndiyo maana jina lake lilisahaulika, akabaki Mama Ehem. Mwenyewe aliitika bila kinyongo. Mwanamke anayeshinda kutwa na sufi nyeupe kichwani kama kuku aliyenyonyoka angeweza kuitwa mabaya zaidi.

Koo lile, alisema, ni la urithi. Marehemu mama yake alikuwa nalo. Yeye mtaa ulimwita Bi Shazia, kwa jina la ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na akikuchoma kwa neno ulitokea upande wa pili. Asubuhi za utotoni zilianza na "ehem" ya Bi Shazia nyuma ya pazia, halafu mlio wa cherehani ya miguu, halafu: "Nyie watoto, mnasubiri jua liwaletee chai kitandani?"

Kutoka kwa mama yake alirithi pia karakana, yaani chumba cha mbele chenye meza ndefu, cherehani na magunia ya sufi yaliyopangwa hadi darini. Akarithi na mahubiri. Bi Shazia hakumwacha mteja aondoke bila kumwambia: "Mto ni kama tumbo, mwanangu. Usipousafisha, siku moja utakuaibisha. Kila mwaka uulete niufungue, niuchambue, niuanike. Na uwe wa sufi tupu! Mto wa matambara ni wa mtu asiyejipenda." Mama Ehem aliyasema hayo hayo, kwa sauti ile ile, kidole kikiwa juu vile vile.

Lakini kinyozi hajinyoi. Bi Shazia alipofariki, mto wake ulibaki kitandani. Binti aliulazia shavu lake akamkuta mama yake humo ndani, harufu yake nzima, kana kwamba ametoka kidogo kuchota maji. Akaogopa. Akiivua foronya, harufu itatoroka. Mtu mwingine angelia tu, akaifua, yakaisha. Yeye alikuwa fundi wa magodoro, basi akafanya ujinga wa fundi wa magodoro: akachukua shazia, akashona foronya mpya juu ya ile ya zamani, mshono wa mara mbili, pasipite hata sisimizi. Mwaka uliofuata akashona nyingine juu ya hiyo. Ilikuwa imefika miaka kumi na moja, na foronya kumi na moja, na mto umekuwa mgumu kama kitabu cha sheria.

Mwaka huo koo lilivuka mipaka. Mwenye nyumba ya wageni alikuja kuagiza magodoro ishirini. Mama Ehem akafungua kinywa kumkaribisha, ikatoka ehem, ikafuatwa na ya pili, kisha kikohozi kilichomwinamisha mezani hadi machozi yakamtoka. Mteja alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. "Nitapita wiki ijayo, mama." Hakupita. Alikutana na mume wa Mama Ehem barabarani akamwambia ukweli: "Mzee wangu, godoro lililokoholewa hivyo nimlaze nani?"

Mume alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtaani wakimwita Mzee Breki kwa kuwa hakuna jambo aliloharakia. Siku hiyo aliharakia.

"Kesho hospitali."

"Mimi siumwi. Hili ni koo la mama."

"La mama au la shangazi, litapimwa."

Likapimwa. Kifua kilikuwa safi, na kifua kikuu hakikuonekana. Wakaelekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, dada mmoja mwenye umri wa binti yao, aliyemwangalia puani kwa taa, akamwambia apanue kinywa, akatikisa kichwa.

"Mama, wewe tatizo lako si kifua. Ni pua."

"Pua ninayo tangu nizaliwe, mwanangu. Nimepanda magari mawili kuja kuambiwa nina pua?"

Daktari akacheka. "Sikiliza. Pua ya kila mtu inatengeneza ute mchana na usiku. Unateremka nyuma taratibu, tunaumeza, hatujui. Ukizidi, au ukiwa mzito, unachirizika kooni na kuganda pale. Koo linakereka. Wewe unalikwangua, ehem. Ukilikwangua linachubuka, linakereka zaidi, unalikwangua tena."

"Kama paa," Mzee Breki akasaidia. "Maji yasipotoka mbele, yanavujia chumba cha nyuma. Na chumba cha nyuma ndiko ninakolala mimi."

Daktari akaanza kuwinda chanzo. Kuna kiungulia, asidi kupanda kooni ukilala? Hakuna. Mafua ya karibuni, uso kuuma, homa, makamasi ya kijani? Hapana. Damu? Hapana. Dawa za presha au nyingine yoyote ya kila siku? Hapana. Chafya, macho kuwasha?

"Chafya za asubuhi," mume akajibu. "Anapiga saba. Nimezizoea, ya saba ndiyo naamkia."

"Asubuhi ndipo hali inapozidi?" Daktari akaandika neno *mzio*. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Magodoro. Sufi."

Kalamu ikasimama. "Vumbi kutwa. Na mto unaolalia ni wa lini?"

Mzee Breki akapata jambo la kutazama darini. Mama Ehem akasema polepole, kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe: "Nimeukuta kwa mama. Aliulalia kama miaka ishirini hivi. Mimi kumi na moja."

"Unafunguliwa kila mwaka?"

Yalikuwa mahubiri yake mwenyewe, na safari hii kidole kilichokuwa juu kilikuwa cha daktari.

Daktari hakumcheka. Alimweleza kwamba kwenye mto wa zamani hujaa vumbi, ukungu na vidudu visivyoonekana kwa macho, na pua inayovikataa hujitetea kwa kumwaga ute. Akampa dawa ya kupuliza puani kila siku: "Usiipime kwa siku mbili, inafanya kazi pole pole." Akamfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya bomba moja kwa moja. Barakoa kazini, madirisha wazi, maji ya kunywa ya kutosha, shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Na badala ya kukwangua koo, anywe funda la maji.

"Na mto utoke chumbani. Wiki mbili, tuone."

"Dawa nitatumia," Mama Ehem akasema. "Mto siutoi."

"Daktari," Mzee Breki akasema, "mimi na huo mto tukizama, najua atauokoa mto."

Nyumbani Mama Ehem akaufunga mto kwa nailoni, akaubeba kwa mikono miwili hadi kabati la karakana. "Hatupwi mtu," akaliambia kabati. "Anasafiri."

Siku za kwanza zilikuwa za vita. Maji ya chumvi yaliingia tundu moja yakatokea la pili, yeye akipiga kelele juu ya beseni na mumewe akimshangilia kama mpirani. Koo likabaki lile lile. Kilichomsumbua zaidi ni shavu. Juu ya mto mpya lilikosa makazi, akakesha akikumbuka: yeye na dada zake wakizama kwenye lundo la sufi, mama akijifanya hawaoni na kuwapima kwa futi kamba, "Godoro hili lina mifupa, nani kaleta?" Mama akiinama cherehani, mguu ukienda, mdomo umeshika pini tano na bado unagombeza. Na ile harufu alipokukumbatia jioni. Tamu, nzito. Mafuta ya maua, dada yake mkubwa alidai. Hakuna aliyewahi kuiona chupa yake.

Asubuhi ya siku ya kumi alishtuka anatikiswa bega.

"Uko hai?" Mzee Breki alikuwa amemwinamia, macho yamemtoka. "Mbona kimya?"

Alikuwa hai, na kinywa chake kilikuwa kimefungwa. Alikuwa anapumua kwa pua. Nje, jirani alikuwa akikimbia na kiatu kimoja mkononi: mtaa mzima ulikuwa umechelewa.

Kisha dunia ikaanza kunukia. Chai. Sabuni. Ubao wa meza. Akasimama mlangoni, akakunja uso.

"Hivi viatu vyako vilikuwa vinanuka namna hii siku zote?"

"Miaka. Nilidhani unanipenda."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu wazo lilikuwa limemjia: kama viatu ananusa hivi, je, mama? Akaenda kabatini karibu mbio, akafungua nailoni, akazamisha uso.

Ukungu. Jasho lake mwenyewe. Vumbi. Basi.

Akavuta tena. Akageuza upande. Hakuna. Akaketi juu ya gunia la sufi. Miaka kumi na moja alikuwa ananusa kwa moyo, pua haikuwemo. Huenda mama aliondoka wiki ya kwanza, na yeye akabaki analinda nyumba tupu kwa mshono wa mara mbili.

Mzee Breki alimkuta hapo. Hakutania. Akamletea mkasi na barakoa, akaviweka juu ya meza, akatoka.

Alichukua mto hadi uani, juani. Akavaa barakoa, akaanza kufumua. Foronya ya maua makubwa, mwaka binti yao alipoolewa. Ya mistari, mwaka paa lilipoezuka. Ya bluu, ile alishona analia, na mshono umepinda kuonyesha. Moja moja zikaanguka mchangani, ile ya mama mwishoni, hadi akafikia gamba la mto wenyewe na mishono isiyo yake, midogo, sawasawa, kama meno ya mtoto. Hapo mkasi ukasita. Kisha ukakata.

Alitegemea sufi. Kikatoka kitambaa. Akavuta, kikafuata kingine. Matambara! Bi Shazia, mhubiri wa sufi tupu, alikuwa amelalia matambara miaka yote hiyo!

"Tapeli!" akapiga ukelele. "Njoo umwone mkweo!"

Mzee Breki alikuja, akaokota kipande cha kijani chenye kifungo. "Hili si shati langu la uchumba? Aliniambia limepeperuka na upepo!"

Yalikuwepo yote. Sare za shule zilizobana, pazia la chumba cha watoto, kanga ya shangazi, pindo la gauni la dada mkubwa. Sufi ilikuwa ya wateja. Nafsi yake alijiwekea watu wake. Na katikati kabisa, limebanwa kama ngumi, fundo la kitambaa cheusi. Akalifungua. Lilikuwa tambara la kupangusia cherehani, ndani bado lina unyevunyevu.

Akashusha barakoa.

Ilikuwa tamu, nzito. Mafuta ya cherehani. Hapakuwa na chupa ya maua hata siku moja. Alikuwa mama, mguu ukienda, pini tano mdomoni. Mama Ehem alivuta pumzi ndefu, ikapita puani bila kizuizi mpaka chini kabisa, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya vumbi.

Gamba na foronya zote alivichoma. Matambara aliyachemsha, akayaanika, kamba ikapinda kwa watu wa ukoo. Tambara jeusi hakulifua. Alilitia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, akaiweka juu ya cherehani, mbali na kitanda, kama daktari alivyotaka.

Alianza kuamka mapema kuliko zamani, kimya. Jirani alibisha hodi mwisho wa mwezi, amekunja uso. "Mama Ehem, hongera kupona, lakini bosi wangu amenionya mara tatu."

"Nunua saa."

"Saa haina utu."

Alfajiri iliyofuata alifungua madirisha ya karakana, akafunua chupa, akanusa mara moja, akafunika. Akanywa funda la maji. Kisha akatoa kichwa nje, na kwa koo safi kabisa, kwa sauti ya kuazima ambayo mtaa ulikuwa umeisikia kabla yeye hajazaliwa, akapiga:

"Ehem! Nyie watoto, mnasubiri jua liwaletee chai kitandani?"