Uzi Kwenye Mfuniko

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea fundi cherehani, na tangu hapo hakumwamini tena wifi yake.

Mtoto alikuwa ameharisha mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Nesi wa zahanati aliuliza neno moja tu: anakunywa maji gani? Maji! Si yeye mama anayeamka alfajiri kuyachemsha, akayatia kwenye dumu jeupe la mtoto, ndipo aende kibandani kushona? Na anayebaki na mtoto ni nani? Wifi. Basi.

Asubuhi hiyo alizungusha uzi mwekundu kwenye mfuniko wa dumu, akapiga fundo la kishonaji, ambalo ukilifungua hulirudishi lilivyokuwa. Atakayechezea, atajulikana.

Saa saba aliingia bila hodi. Uzi haukuguswa. Lakini kikombe cha mtoto kilikuwa kimelowa, na mtoto mwenyewe ameharisha tena, amelegea begani kwa shangazi yake, macho yamezama.

"Wifi, mwanangu amekunywa nini?"

"Maji."

"Yapi? Dumu halijafunguliwa!"

"Ulivyolifunga kama hirizi, nani angeligusa? Nimempa ya ndoo, haya tunayokunywa wenyewe."

"Mabichi?"

"Mbona siku zote nayapoza ya kwako kwa hayo hayo? Unayaacha yanafuka moshi, mtoto analia kiu. Nimchome ulimi?"

Hasira ilimpanda fundi ikakosa pa kutua. Mwezi mzima alimvizia mwenzake kama polisi, asimwambie hata siku moja alichouliza nesi. Sasa ndipo akamweleza.

"Nilidhani huko kuchemsha maji ni madaha tu uliyotoka nayo kwenye kisomo chako cha jioni," wifi alisema, sauti imeshuka.

Walikimbia wote wawili hadi zahanati. Nesi aliwakorogea dawa ya kuongeza maji mwilini. "Kijiko kimoja kimoja, bila kuchoka. Asipokojoa mpaka saa kumi, namtundikia dripu."

Mama akinywesha, shangazi anafuta mdomo. Mkono ukichoka, wanapokezana. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ghafla fundi akahisi joto mapajani.

"Kakukojolea, wifi!" shangazi alipiga kelele, benchi zima likageuka. "Gauni jipya hilo!"

"Mwache," fundi alisema huku machozi yakimtoka. "Mpe kijiko kingine, akojoe tena."