Masale ya Yuditha

Tarehe thelathini, saa nne asubuhi, Yuditha alikuwa akimenya ndizi za mtori katika jiko la loji ya Godlove, kule Uru, bosi wake alipoingia na jani la isale. Alilishika kwa mikono miwili.

"Mama Brenda, nisamehe. Mshahara wa mwezi huu sina."

Mkono mtupu haulambwi, na Godlove hakuja mkono mtupu. Kwa Wachagga, ukiletewa isale unasamehe. Hata damu iliyomwagika husamehewa. Yuditha alijifuta mikono kwenye kanga, akalipokea. Lilikuwa la saba. Mwezi wa nne Godlove alinunua gari, na huko hakupeleka jani.

Nyumbani alimkuta binti yake Brenda, ambaye shule ilimrudisha tangu Machi kwa kukosa ada.

"Amelipa?"

"Ameomba msamaha."

"Tena?"

"Tena."

Yuditha akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akamwamkia shikamoo, akaeleza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Majani uliyapokea?"

"Niliyapokea."

"Sasa mwanangu, umeshasamehe. Mimi nianzie wapi?"

Isale halitupwi, kwa hiyo kila jani Yuditha alilichomeka nyuma ya nyumba, na Brenda aliyamwagilia maji ya kuoshea vyombo. Yote yalishika mizizi, yakapita paa. Jumanne moja yaling'oka yenyewe, yakakung'uta udongo, yakashika njia kwa mstari mmoja. Bodaboda wawili walisimama yapite. Jirani yao Ndelilio, mkungu wa ndizi kichwani, aliyapisha pembeni.

"Mkifika kwa Godlove," aliyaambia, "mkumbusheni na hela yangu ya maziwa."

Yalifika, yakajipanda kuizunguka loji nzima, yakaacha lango tu. Kufikia mchana yalikuwa yamezaana, mtu hawezi kupenyeza hata mkono. Hakuna aliyeyagusa, isale la mpakani haling'olewi. Yuditha aliyaona kupitia dirisha la jikoni, moyo ukamruka kwa furaha. Safari hii atalipa tu, alijiambia, na mtori wa siku hiyo aliuunga kwa maziwa mengi.

Wageni waliyapenda masale. Walipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Godlove akapandisha bei ya vyumba.

Tarehe thelathini iliyofuata hakuhangaika kwenda kuomba isale kihambani, kwenye migomba ya mama yake. Alitoka nje, akachuma jani kwenye uzio, akaingia nalo jikoni.

"Mama Brenda, nisamehe."

Jani lilinuka sabuni ya vyombo vya nyumbani kwake. Yuditha aliona hasira, jamani, lakini uchovu ulikuwa mwingi kuliko hasira. Alilipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani Brenda aliliona. Alitungua sare yake ya shule kwenye msumari, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Kisha akaenda kuchota maji.