Kinyozi Anyoosha Mkono

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno, na mwaka huo neno lake kubwa lilikuwa kazi ya binti yake. "Kitinda mimba wangu analipwa kukaa juu ya kiti na kutazama watu wakioga!" aliwaambia wateja, nao wakacheka hadi ikabidi wembe usubiri. Jumapili moja akafunga kibanda, akaenda ufukweni kujionea.

Binti alimpokea kwa shikamoo, kisha kwa amri.

"Baba, unajua kuogelea?"

"Mimi? Maji yakipita magoti naanza kutubu."

"Basi kaa hapa karibu nami. Watu wanaoga katikati ya zile bendera mbili tu. Kule kwenye bendera nyekundu, hata kidole usitie. Kuna mkondo, unamvuta mtu hadi kilindini."

Kinyozi akaguna. Juzi tu alikuwa akimbeba mgongoni, leo anaonyeshwa pa kukaa! Lakini akakaa. Binti akipuliza filimbi, mibaba yenye vitambi ilirudi kwenye mstari kama watoto wa chekechea, naye kinyozi akajikuta anatabasamu peke yake.

Saa tano upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka nchi kavu. Mume na mke waliokuwa wamelala juu ya mpira wa kupulizwa, mpana kama godoro, wakijipiga picha, walipoinua vichwa ufuko ulikuwa mbali. Mume akaruka majini ili ausukume mpira. Upepo ukampokonya, mke akiwa juu yake anapiga kelele.

Binti aliita boti kwa redio, akanyakua ubao wake. Kinyozi alikuwa keshavua viatu.

"Baba, usiingie! Utanizidishia wa kuokoa!" Akamshika bega. "Mke ana mpira, boti itamfuata. Mume hana kitu. Panda kwenye kiti changu, umnyooshee mkono yule mume, usimwondolee macho. Mimi nikiwa chini ya mawimbi simwoni. Nitageuka nikutazame wewe."

Kinyozi akapanda. Akanyoosha mkono. Kichwa cha yule mume kilizama kwenye bonde la wimbi, kikaibuka, kikapotea tena. Binti alipotelea upande wa kushoto, akageuka, akauona mkono wa baba yake, akanyoosha njia. Bega la kinyozi likawaka moto. Akalishikilia kwa mkono wa pili. Binti akageuka tena. Safari hii alikuwa hatua chache tu kutoka kwa yule mume.

"Jilaze chali! Usipigane na maji!" sauti yake ilifika hadi ufukweni.

Akampandisha ubaoni. Mbele yao, boti ilikuwa imemfikia mke.

Waliporudi, yule mume alitapika maji, akapumua, akalia. Binti alimlaza ubavu, akamfunika taulo, akahesabu pumzi zake bila papara. Watu walikuwa wamejazana.

"Nani huyu binti?" mama mmoja akauliza.

Kinyozi alifungua kinywa. "Wangu," akasema. "Nimemzaa mimi huyu."

"Baba," binti akaita akicheka huku anahema, "shusha mkono sasa. Tumeshafika."

Akaushusha. Akateremka polepole, akasimama mbele yake, karibu kabisa, nguo zake safi zikilowa maji yaliyokuwa yakimchuruzika binti.

"Jumapili ijayo, asubuhi, kabla watu hawajajaa," akasema, "nifundishe kuelea."

"Utanisikiliza?"

"Nitakusikiliza, mwalimu."