Viwanja vya Kandokando ya Njia

Kazi yangu ilikuwa kuorodhesha mimea ya msitu wa hifadhi wa kaskazini: ya asili safu ya kushoto, ya kuletwa safu ya kulia. Ofisini waliniita Profesa, nami kwa unyenyekevu wangu wote sikuwakatalia.

Ramani ilionyesha viwanja arobaini vya kuhesabia, vyote ndani kabisa ya msitu. Aliyeichora bila shaka alikuwa na magoti mapya. Kule kuna miiba, matope na miteremko isiyojali cheo cha mtu. Basi kila mwaka nilifunga kamba za viwanja vyangu hatua tatu tu kutoka njiani, kivulini, nikahesabu yaliyoota pale: magugu yaliyokuja na nyayo za watu na matairi ya magari. Ikifika saa sita nimemaliza. Mkuu wa hifadhi alitia sahihi bila kusoma, maana naye ana magoti.

Tulikwenda hivyo miaka sita, raha mustarehe. Kisha ikaja barua ya kamati ya misitu. Kwa kuwa asilimia themanini na moja ya mimea ni ya kuletwa, msitu wa asili haupo tena. Eneo lote lifyekwe, ipandwe misonobari ya mbao. Chini wameandika jina langu, "kwa mujibu wa mtaalamu". Niliisoma mara tatu, na mara ya tatu niliona aibu, tena si kidogo.

Nyumbani nikamsimulia mama watoto.

"Kwani huko ndani kuna nini?" akauliza.

"Sijui."

"Miaka sita, baba! Nenda kawaambie. Mficha uchi hazai."

"Mbona tunao watatu?"

Hakucheka.

Siku ya kikao cha kamati, mkuu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikasimama hivyo hivyo.

"Hesabu ile ni ya njiani," nikasema. "Msituni sijaingia."

Mwenyekiti akavua miwani. "Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mheshimiwa."

Mkuu alishangaa kuliko wote. Alishangaa kwa sauti kubwa hivi kwamba hakuna aliyekumbuka kumuuliza kuhusu sahihi yake.

Ufyekaji ukasimamishwa mpaka mimea ihesabiwe upya. Mimi nikafukuzwa kazi kabla chai yao haijapoa.

Mahali pangu akaajiriwa binti mmoja. Wiki ya kwanza alitoka msituni mikono imechanwachanwa na miiba, safu yake ya kushoto ina majina zaidi ya mia mbili, ya kulia manne. Nilikuwa namsubiri langoni.

"Mwanangu, nichukue siku moja tu, nami nikaone."

"Samahani, baba," akasema, kwa heshima zote. "Ndani wanaingia watumishi tu."

Kwa hiyo msitu nimeuokoa. Nasikia ni mzuri sana.